Jicho la Kushoto la Baba

Baba alikataa kufanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, na kwa miezi minne sikujua kwa nini. Hatari yake niliijua vizuri. Daktari wa macho pale Thika alikuwa ameniita kando akanieleza kwa upole kwamba mtoto wa jicho lile amekomaa kupita kiasi, amekuwa mgumu na wa kahawia, na kwamba akiachwa zaidi jicho linaweza kujaa shinikizo, liume vibaya, kisha lizimike kabisa. Alitaka lifanyiwe kazi kabla ya mvua za masika. "Ongea naye wewe," aliniambia. "Sisi ametukatalia."

Kazi yangu ni kuongea. Ninafundisha falsafa katika chuo kikuu kilicho karibu na Kahawa Sukari, na tangu utotoni nina mdomo ambao shangazi zangu walisema utanikosesha mume. Mume nilipata, mdomo haukupungua. Nilidhani kumshawishi mzee wa miaka sabini na kitu ni shughuli ya wikendi moja, kisha nirudi zangu Ruiru kusahihisha mitihani.

Jicho la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji mwezi wa kumi bila taabu. Asubuhi bandeji ilipotolewa, baba aliangalia shuka, akaangalia koti la muuguzi, halafu akaniangalia mimi kwa muda.

"Kumbe una mvi," akasema.

Muuguzi alicheka, nami nikacheka shingo upande. Tulipotoka nje kulikuwa na mjakaranda umechanua karibu na geti, maua yake ya zambarau yamejaa mpaka chini. Baba alisimama. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akaziba la kushoto, akatazama. Akarudia hivyo mara nyingi hata mlinzi akaanza kututazama sisi. Nilifikiri anafurahia, kama mtu aliyenunua redio mpya na hataki kuacha kuizungusha vituo. Nilipomwuliza anaona nini, alisema tu, "Rangi."

Tangu siku hiyo alianza kulikwepa suala la jicho la kushoto. Nilimpigia simu kila jioni, na kila jioni alikuwa na sababu mpya. Jicho moja linamtosha kusoma Biblia. Kuku wake anawaona. Hilo la kushoto ni la kulala nalo. Nilimwambia hakuna jicho la kulala nalo, naye akanitakia usiku mwema, kabla hata jua halijazama.

Ni lazima nieleze kazi aliyoifanya baba, maana yote yametoka huko. Kwa miaka thelathini alikuwa mlinganishaji wa rangi katika kiwanda cha nguo mjini Thika. Kitambaa kikishatoka kwenye mapipa ya rangi na kukauka, kililetwa mezani kwake pamoja na kipande cha mfano, naye alitakiwa kusema kama rangi ni ile au siyo. Hakuwa na mashine. Alikuwa na dirisha, meza, na ubao wa kijivu ambao aliutazama kwanza ili, kama alivyosema, aoshe macho.

Dirisha lenyewe lina hadithi. Kitabu kilichokuja na mitambo kiliagiza kwamba rangi iangaliwe kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu jua haliingii upande huo. Aliyekiandika hakuwahi kuishi Thika. Hapa kwetu jua huhama: mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na kuanzia wa nne hadi wa nane linaingia dirisha la kaskazini bila kubisha hodi. Waliomtangulia baba walikifuata kitabu hivyo hivyo, na kila mwaka ikifika mwezi wa sita mikono ya sare za shule ilikuwa rangi moja na vifua rangi nyingine. Baba ndiye aliyeomba ukuta wa kusini utobolewe dirisha la pili. Akawa anahamisha meza yake mara mbili kwa mwaka, na dirisha lile alijivunia kuliko alivyowahi kujivunia shahada zangu. Mnaweza kuona ni kwa nini hakuna mtu pale kwetu aliyethubutu kununua hata pazia bila kumwuliza.

Sasa mimi. Kila mwaka hufika wiki ninapofundisha nadharia ambayo kwa Kiswahili huiita umoja usioegemea upande. Swali lake ni la kale: akili na maada vinahusianaje? Wapo wanaosema maada ndiyo yote, na fikira ni mvuke tu unaofuka kutoka kwenye ubongo. Wapo wanaosema akili ndiyo yote, na mawe na milima ni ndoto zake. Wapo wanaosema ni vitu viwili, kisha wanashindwa kueleza vinakutana wapi. Nadharia hii inakataa wote. Inasema kilichopo ni cha aina moja, nacho chenyewe si akili wala si maada. Kikipangwa hivi na wenzake tunakiita jiwe. Kikipangwa vile tunakiita kuliona jiwe.

Wanafunzi hukunja nyuso, nami huwapa mfano wa maharagwe. Chukua kikombe cha maharagwe, nawaambia. Ukiyapanga kwenye mtaro wa shamba ni mbegu. Ukiyapanga kwenye sufuria ni chakula. Ni yale yale, na yenyewe hayana habari ni yapi.

"Madam, na tukiyawacha tu kwa gunia?" kijana mmoja aliniuliza mwaka jana.

"Hapo ni ya wadudu," nikamjibu, na darasa zima likacheka.

Niliipenda wiki ile. Nilitoka darasani nikijiona nimesema jambo kubwa, nikapanda ngazi za ofisini nikitafuta kalamu yangu. Miaka kumi na mbili nimeifundisha nadharia ile, na sikuwahi hata mara moja kuihitaji.

Mama alifariki mwaka mmoja na nusu kabla ya upasuaji wa jicho la kulia. Figo zake zilichoka polepole, kwa hiyo alipata nafasi ya kupanga mambo yake, na aliyapanga yote, mpaka nani atapewa sufuria gani. Alikuwa na sweta ya zambarau aliyoifuma mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi. Aliivaa sokoni, aliivaa akienda kwenye fellowship ya akina mama, aliivaa akikamua ng'ombe, mikono ameikunja mara mbili. Ukimtafuta katikati ya umati ulitafuta zambarau ile. Alitaka azikwe akiwa amevaa rangi hiyo. Sweta yenyewe ilikuwa imetoboka viwiko vyote, na wenzake wa kanisani walisema hatuwezi kumzika mtu na tambara. Basi akamwita baba, sisi watoto tukiwa tumesimama pale kitandani.

"Wewe ndio unajua rangi," alimwambia. "Nitafutie nguo ya hii rangi. Usitume mtu."

Baba hakutuma mtu. Mama alipofariki alikwenda mjini peke yake na sweta ndani ya mfuko, akarudi na kitambaa kimefungwa kwa gazeti, akakipeleka mwenyewe kwa fundi. Hatukuiona nguo mpaka siku tuliyokwenda kuchukua mwili mochari. Walipofunua jeneza, mama alikuwa amevaa kahawia. Ilikuwa kahawia iliyofifia, rangi ya ugoro, na iliufanya uso wake uonekane mchafu. Shangazi yangu mmoja alijiziba mdomo. Mwingine alinong'ona kitu kwa Kikuyu ambacho sitakiandika.

Kabla ya ibada kuanza pale nyumbani, nilimfuata baba nyuma ya tangi la maji. Maneno niliyomwambia yananichoma hadi leo.

"Baba, alikuomba kitu kimoja tu. Miaka arobaini umekaa na yeye, na rangi yake umesahau?"

Alitazama chini. "Ni hiyo," akasema.

"Si hiyo. Na kila mtu ameona."

Kisha tukaenda kumzika.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria macho yake. Tungeshuku kwamba mchungaji hajui kusali kabla ya kumshuku baba kuhusu rangi. Tulisema ni huzuni. Tulisema ni uzee, akili imeanza kulegea. Mimi ninayelipwa kufundisha akili na maada niliamua, bila kuwaza hata dakika moja, kwamba kosa limo akilini mwake, tena kwamba ni kosa la moyo, kwamba hakumpenda vya kutosha kukumbuka. Hata alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, hata aliposimama chini ya mjakaranda ule, sikuunganisha mambo. Ukishazoea kuwa mtu anayejua, ni vigumu kuona kwamba kuna swali.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilikwenda kwake bila kupiga simu. Baba anaishi upande wa mashariki wa Thika, kwenye kipande cha shamba alichohamia alipostaafu. Nilikuwa nimejitayarisha kama ninayekwenda kutetea tasnifu, hoja zangu zote kichwani, ya shinikizo la jicho, ya maumivu, ya wajukuu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Sikumkuta sebuleni, nikaenda mpaka chumba alichokuwa akilala mama siku za mwisho, ambacho dirisha lake linatazama kaskazini.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mgongo umenielekea. Ule ubao wake wa kijivu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kwenye goti moja aliweka sweta ya mama. Kwenye goti jingine kulikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi ya ugoro. Aliutazama ubao, akaziba jicho la kulia, akatazama magotini. Akautazama ubao tena, akaziba la kushoto, akatazama magotini. Nilielewa hapo hapo mlangoni.

"Ingia, lakini usizibe mwanga," alisema bila kugeuka.

"Baba, hicho ni kile cha..."

"Ni kile. Fundi alinirudishia vipande."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alinieleza polepole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kuelezea mambo ya kiwandani. Siku ile dukani alitoa kitambaa nje ya mlango, kwenye mwanga mzuri, akakiweka kando ya sweta. Mwenye duka alimwambia, "Mzee, hizi haziendani," naye akamjibu kwamba alianza kulinganisha rangi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na hakika. Mpaka leo, kwa jicho la kushoto, alikuwa na hakika.

"Na hii ya kushoto, hizi ni kitu moja," alisema. "Hata wembe haipiti katikati. Lakini na hii ya daktari..." Akakunjua mkono wa sweta, akaukunja tena. "Na hii ya daktari, wewe ulisema ukweli. Kila mtu aliona isipokuwa mimi."

"Baba, sikujua ni macho."

"Hata mimi sikujua." Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa machozi, na tangu hapo sijalisahau. "Maitu, wakitoa hii ingine, hakuna mahali kwa hii dunia itabaki yenye nilimzika na rangi yake. Saa hii kuna mahali pamoja." Akagusa kope la jicho la kushoto. "Ni hapa tu."

Huniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Hapo neno lile lilinifanya nijione mdogo kabisa.

Hoja zangu za maumivu na wajukuu zikayeyuka. Nikashika nilichobaki nacho, yaani mhadhara. Nikamwambia kulingana kule kulikuwa kwa kweli. Nikamwambia rangi haikai ndani ya kitambaa peke yake wala ndani ya kichwa peke yake, kwamba lile aliloliona dukani halikuwa wazimu wake, lilikuwa jambo lililotokea duniani, sehemu yake kitambaa, sehemu yake mwanga, sehemu yake jicho, na kwamba hakuna upasuaji unaoweza kufanya jambo lililokwisha kutokea lisiwe limetokea. Niliongea vizuri. Nimeshawahi kupigiwa makofi kwa kuongea vibaya zaidi ya hapo.

Baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni ya darasa," akasema. "Mimi nataka mtu aone."

"Aone nini?"

"Vile mimi naona. Kule kazini, kitambaa haingetoka mpaka iangaliwe na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuambiana. Mmoja akikataa, inarudi. Ya mama yako niliangalia pekee yangu. Aliniambia nisitume mtu, nami nikaona hata nisiende na mtu." Aliinuka, akaviweka vitambaa juu ya kitanda kwa uangalifu. "Ngoja nikuletee chai."

Baba anaweza kuwa na hasira na wewe, anaweza kuwa na huzuni isiyo na chini, lakini chai utakunywa. Yeye hunywa strungi, yaani chai isiyo na maziwa, tena kwenye glasi, kwa sababu kikombe hakimwonyeshi imekolea vipi. Akaniletea yangu kwenye glasi pia, na mandazi mawili kwenye sahani nyeupe ya bati. Nilisimama dirishani nimeishika glasi kwa leso, nikiwa nimejikasirikia kiasi kwamba sikuweza kunywa. Niliinua glasi ipate kupoa. Nikaiona sahani kupitia ndani ya chai. Haikuwa nyeupe tena.

"Baba," nikasema, "ziba jicho la kulia. Hii sahani ikoje?"

Akaziba. "Kama hiyo chai yako."

Akaondoa kiganja. Akaiangalia glasi mkononi mwangu, akaangalia sahani, akaangalia glasi tena. Sijui nani kati yetu aliyefahamu kwanza. Najua tu kwamba alikuwa ameshafika jikoni wakati mimi bado nimesimama.

Glasi ya mviringo ilipinda kila kitu, kwa hiyo tukaimimina bakulini chumvi iliyokuwa kwenye chupa ya kioo ya mraba ya mama, tukaiosha chupa, tukaijaza chai iliyochujwa kwa kitambaa mara mbili. Baba alikaa kwenye kigoda chake. Aliiweka chupa mbele ya jicho jipya akatazama sahani kupitia chai. Kisha akashusha chupa, akaziba jicho jipya, akaitazama sahani ile ile kwa jicho la zamani. "Ongeza maji." Nikaongeza. "Imekuwa nyepesi sana. Chemsha ingine." Nikachemsha. Ilibidi iwe ya moto kidogo, kwa sababu strungi ikipoa huingia ukungu. Baada ya sahani tukajaribu jani la sukuma wiki, kisha ukurasa wa Biblia, kisha kitambaa changu cha kichwa cha buluu, ambacho alisema kwa jicho la kushoto amekuwa akikiona cheusi siku zote. Alinifokea mara mbili kwa kumwaga. Nilikuwa sijafokewa hivyo tangu nikiwa msichana, na ilinipendeza, kwa sababu alikuwa mzima, alikuwa kazini. Ilituchukua karibu saa mbili. Hatimaye alishusha chupa na kusema kwamba sasa macho yake yote mawili yanaona sahani moja.

Hakunipa chupa mara moja. Alinitazama kwanza.

"Utasema kweli. Usinionee huruma."

"Nitasema kweli."

"Osha macho kwa ubao. Halafu uangalie pumzi moja tu, usizidishe. Jicho likikaa sana linaanza kubembelezana na kitu."

Nikautazama ubao wa kijivu. Nikainua chupa, na nyuma ya chai nikaona sweta ya mama na kipande cha nguo aliyozikwa nayo vimelala bega kwa bega juu ya shuka. Zambarau haikuwepo. Sweta ilikuwa rangi ya ugoro, na kipande kilikuwa rangi ya ugoro, na nilipotafuta mahali moja inapoishia na nyingine inapoanzia, nilipata tu kivuli cha ukingo.

"Zinalingana," nikasema.

Hakuamini. Akaniambia nigeuke niangalie ukuta. Nikasikia akisogeza vitu. Nikageuka, nikaosha macho, nikaangalia.

"Zinalingana."

Nikageuzwa tena. Safari hii nilipoinua chupa kulikuwa na kitu kisicho sawa. Niliangalia pumzi moja, nikashusha.

"Hizi hapana," nikasema. "Ya kulia imezidi wekundu."

Baba akashusha pumzi kwa nguvu. Alikuwa amenitega. Kipande cha kulia kilikuwa mkono wa koti lake la zamani, kahawia pia, kahawia ambayo mtu mwenye huruma angeipitisha.

"Sawa," akasema. "Sasa nakuamini ile ya kwanza."

Akakaa chini. Nami nikakaa sakafuni kando ya kigoda, kama mtoto, chupa ya chai mapajani. Wakati ule ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimekiona. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikisema kuna kitu kimeharibika kichwani mwa baba. Sasa kitu kile nilikuwa nimekitazama kwa macho yangu mwenyewe, na hakikuwa kichwani mwa mtu. Kilikuwa pale dirishani, kati ya pamba, sufu, maji ya majani ya chai na mwanga wa saa saba, na yeyote ambaye angekaa kwenye kile kigoda angekiona. Baba alikuwa amekaa pale peke yake muda wote, nasi sote tukasimama upande wa pili tukimlaumu.

"Ile yako ya maharagwe," aliniuliza, maana mfano ule nilikuwa nimemsimulia zamani, "inasema nini sasa juu ya hii?"

Nilijaribu. Nilisema kulingana kule si kwa nguo wala si kwa akili, kuko kabla ya hivyo viwili kutengana.

"Hiyo najua," akasema. "Ndio walikuwa wananilipia."

Nilicheka huku nalia. Yeye hakucheka wala hakulia. Alichukua chupa mapajani mwangu, akaenda akaimwaga nje kwenye mboga, akaisuuza na kuirudishia chumvi. Aliporudi aliniambia nimpigie daktari, niulize kama wiki inayofuata wana nafasi.

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji siku ya Jumanne. Daktari alisema nusura baba achelewe kabisa, kwamba kile alichokitoa kilikuwa kigumu kama jiwe, ikabidi akate zaidi ya alivyopanga. Nililala kwa baba usiku ule. Asubuhi tukarudi Thika kutolewa bandeji, naye akasisitiza tubebe sweta na kile kipande. Nilimwambia hakuna haja. Alinitazama kwa jicho moja nikaenda kuvichukua.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alimfuta jicho, akamwekea matone, akamwambia afumbue taratibu.

"Guka, unaniona?" akamwuliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Nakuona."

Baba aliomba tusogee dirishani. Akachukua sweta kutoka kwangu, akaitandaza kwenye kizingiti cha dirisha, akakiweka kile kipande kando yake. Aliziba jicho la kulia. Akatazama kwa jicho jipya la kushoto, akatazama muda mrefu, zaidi ya pumzi moja, zaidi ya kumi. Sikumharakisha. Muuguzi akachungulia begani kwake.

"Guka, kwani unataka kushona hizi pamoja? Haziendani. Hii ni zambarau, hii ni ya matope."

"Haziendani," baba alikubali.

Muuguzi akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Baba aliteremsha kiganja. Macho yake yote mawili yalikuwa mekundu, na safi. Nilijua kilichotokea. Mahali pale pamoja alipokuwa amepashika kwa miezi minne palikuwa pametupwa jana kwenye bakuli la daktari, na yeye mwenyewe ndiye aliyekubali pakatupwe.

"Baba," nikasema, "siku ile nyuma ya tangi..."

"Ulisema vile uliona."

"Nilisema umesahau rangi yake. Nisamehe."

Alikunja kipande cha kitambaa mara mbili, mara nne, akanishikisha mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Mimi sasa siwezi kuona tena vile ilikuwa," akasema. "Umebaki wewe. Shangazi zako wakikuuliza, utawaambia nini?"

"Nitawaambia mama alizikwa na rangi yake."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaivaa kofia yake, akauliza kama wale wa dawa ni dirisha gani.